Harusi Nyuma ya Lakiri ya Mfalme

Thornby,
Jumatano, wiki ya pili ya Februari

Kwa kaka yangu Lambert,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi, wewe na wifi na wote mnaokaa chini ya paa moja. Mguu unaendeleaje? Mchukuzi aliyetuletea mishumaa yako alisema ulimsindikiza mpaka kwenye lango la mji bila fimbo, nikafurahi. Kisha akaongeza kwamba kurudi nyumbani ulibebwa, nikajua bado ni wewe yule yule. Sisi huku ni wazima. Baridi ni kali, ng'ombe mwekundu anakohoa, na moshi wa jikoni umeamua kukaa ndani pamoja nasi, lakini hatuna la kumlalamikia Mungu.

Najua hukuifungua barua hii kwa ajili ya ng'ombe. Unataka kujua kama binti yangu Barbary ameolewa. Ameolewa. Sasa kaa vizuri, nyosha huo mguu, nikueleze, maana harusi ya namna hii hujapata kuisikia, na aibu iliyonipata ni afadhali uisikie kwangu kuliko kwa yule mchukuzi, ambaye aliiona kwa nyuma.

Nilikuandikia kabla ya Krismasi kwamba Barbary amenijia jikoni akaniambia ana mimba ya Jasper Wakelin, yule wa kwenye kinu cha unga. Ukanijibu kwamba utakuja na rungu. Asante, kaka, rungu nilikuwa nalo. Unajua nilivyomkataa Jasper mwaka mzima. Si mvivu, si mgomvi, na unga anaoupima haupungui. Ila ni mpiga kengele. Mimi nilishaolewa na mpiga kengele. Mungu amlaze Giles wangu mahali pema, lakini yule bwana alikuwa na wake wawili, mimi na kengele kubwa, na mke mdogo ndiye aliyependwa. Saa ya kengele ikifika anaacha chakula mezani. Zikinyamaza anakwenda kunywa na wenzake mpaka koo lipone, utadhani walikuwa wakizipiga kwa koo. Siku Barbary anazaliwa alikuwa mnarani. Nikaapa binti yangu hataolewa na mtu wa kamba. Lakini mimba ikishatajwa, kiapo kina kazi gani tena? Nikakubali huku nalia, nikaenda mwenyewe kwa kasisi kuomba ndoa yao itangazwe kanisani Jumapili tatu.

Kasisi wetu, mzee Dowsett, akashikwa na homa, Jumapili moja ikapita bila tangazo. Tangazo la tatu likasomwa tukiwa tumebakiwa na wiki moja tu. Kanuni unaijua: ikifika Jumapili ya tatu kabla ya Kwaresima, haozeshwi mtu mpaka Pasaka ipite. Na mpaka Pasaka ipite, tumbo la Barbary lingekuwa linatangulia kuingia kanisani kabla ya mwenyewe. Unamkumbuka binti wa mhunzi? Alisimamishwa mbele ya kanisa zima, miguu mitupu, amevishwa shuka jeupe, akaomba msamaha kwa sauti huku wanawake waliozoea kuja kumwomba chumvi wakimhesabia miezi kwa vidole. Mpaka leo hajainua uso. Basi ilikuwa ama Jumamosi ile, kabla ya saa sita mchana kama sheria inavyotaka, ama mtoto wangu avae shuka.

Nikapanga Jumamosi. Nikapika bia ya harusi, ile kali yenyewe. Nikaoka keki, nikafunga matawi ya rozmari kwa utepe. Kumbe wiki hiyo hiyo na Mfalme naye kapanga kuwinda.

Ninyi huko Norwich hamuijui adha hii. Huyu mfalme wetu aliyetoka Uskoti ana nyumba ya kuwindia mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa, na njia yake inapita mbele ya kanisa letu. Akipita, lazima kengele zilie. Zisipolia anakuja mtumishi wake na nta nyekundu, anaipiga lakiri milango ya kanisa, na hakuna wa kuigusa, maana kuvunja lakiri ya Mfalme ni kutafuta kamba ya shingo. Marehemu Malkia ulijua anakuja: matarumbeta, magari ya mizigo kutwa nzima, watu wakapata hata nafasi ya kunawa uso. Huyu anapita kama mtu anayemtafuta mbuzi wake aliyepotea.

Jumatatu likaonekana gari kubwa lenye mapazia mekundu, wapanda farasi mbele na nyuma. Ambrose Prudden, yule fundi viatu ambaye ndiye kiongozi wa wapiga kengele, akapiga mbio mnarani na wenzake, wakazipiga mpaka kunguru wakahama. Gari lilipofika mbele ya kanisa pazia likafunguka, akachungulia mbwa. Walikuwa mbwa wa Mfalme wenye mafua, wanapelekwa kupumzika. Lakini desturi ni desturi, wakaja kilabuni kwangu kunywa kwa afya ya Mfalme. Jumanne akapita bwana mmoja mnene, kofia ya manyoya, farasi mweupe. Kengele zikalia, watu tukapiga magoti kwenye tope, mimi na aproni yangu safi. Alikuwa mpishi wa vitafunio. Alitubariki, kaka, na akaendelea na safari yake. Wakaja tena kunywa. Jumatano asubuhi Ambrose akaigonga meza yangu akatamka kwamba sasa hata akipita malaika Gabrieli na tarumbeta yake, hakuna kamba itakayovutwa mpaka Mfalme aonekane kwa macho. Akampandisha Jasper juu ya mnara awe mlinzi, kwa kuwa ndiye mwenye macho mazuri.

Mchana mvua ikanyesha. Jasper akaona watu wachache wanapita juu ya farasi waliolowa chapachapa, mmoja wao kavaa koti la kijani lililochakaa, tope mpaka kiunoni. Akadhani ni wachuuzi wa farasi wanatoka mnadani. Akawapungia mkono. Kisha, kwa kuwa kungoja wafalme kunachosha, akalala.

Kumbe mwenye koti la kijani ndiye Mfalme mwenyewe. Jioni haijaingia akatufikia Bwana Stukeley, mtumishi wa Mfalme, mwembamba kama utambi, na chungu chake cha nta. Akasimama mlangoni kwa kanisa akausoma waraka wa amri kwa sauti ya pua, akaipiga lakiri milango yote miwili. Tulimwangukia miguuni. Faini tuliikubali pale pale. Akasema faini ni jambo lake na lakiri ni jambo lake. Lakiri haiondoki mpaka mkubwa wake aandike, na mkubwa wake yuko mawindoni nyuma ya mbwa, na mbwa wako wapi, Mungu ndiye ajuaye. Tukiwa katika kubembeleza, sauti ikatoka juu mnarani ikauliza kuna nini. Alikuwa Jasper, ndiyo kwanza anaamka.

Tukadhani tatizo ni ngazi tu, tumshushe. Bwana Stukeley akainua kidole. Waraka unasema chochote kilichomo ndani ya kanisa kisitoke, na yule kijana yumo ndani ya kanisa. Akachukua kalamu akaandika vilivyomo: kengele tano, kamba tano, Biblia moja, kijana mmoja. Nikamwambia yule si kitu, ni bwana harusi. Akasema hakuagizwa kutofautisha.

Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo ilivyokuwa. Jasper aliivuruga harusi yake mwenyewe kwa usingizi wake mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpandishia mkate na jibini kwa ndoo na kamba. Ndoo ikiteremka Bwana Stukeley anaikagua, isije ikawa imetoka na kitu. Na huyo Bwana Stukeley akalala wapi? Kwangu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya kwanza tu aliniagiza nimbadilishie mto, na jembe lenyewe angeliandika kwenye waraka wake.

Alhamisi nilimpigia magoti. Ijumaa nikampigia tena, safari hii nikiwa na pai ya kuku. Alikula pai, akasema inanukia sheria ya Mungu lakini yeye anatumikia ya Mfalme. Nikaenda kwa mzee Dowsett nikamsihi awaozeshe ghalani. Akasema ndoa ni kanisani. Nikasema zizini je, mbona Bwana wetu alizaliwa zizini? Akasema kuzaliwa ndiyo, kuozesha hapana. Nikarudi nyumbani mikono kichwani, nikamkuta Barbary kakaa dirishani anakula matofaa, ananiambia nisihangaike, Mungu ataleta njia. Nikaona kweli huyu ana moyo wa babu yake. Mimi kila nikifumba macho naona shuka jeupe.

Sasa sikia. Bwana Stukeley ana desturi, kila akimaliza kufungua kinywa asubuhi anakwenda kuusoma waraka wake tena mlangoni kwa kanisa, awepo mtu asiwepo. Ijumaa hiyo nilikuwa nyuma yake na ndoo ya Jasper. Anasoma, nasikiliza. Chochote kilichomo ndani kisitoke. Chochote kilichomo ndani kisiondolewe. Chochote kilichomo ndani kisihamishwe. Nikaisahau ndoo chini, mbwa wa jirani akala jibini, nikaenda mbio dukani kwa Ambrose nikamuuliza: imeandikwa wapi kwamba kitu kisiingie? Ambrose ni mtu wa kufikiri taratibu. Alipigilia msumari, akapigilia wa pili, kisha akaliweka chini kiatu akaanza kucheka.

Upande wa kaskazini, unaotazama makaburi, kuna dirisha ambalo kioo chake kilitoka na tufani ya mwaka jana na wazee wa kanisa bado wanalijadili. Jumamosi asubuhi nikamwekea Bwana Stukeley mezani pai ya sungura ya kulisha watu wanne na jagi la bia ya harusi, nikamtakia mlo mwema, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Ngazi ilishaletwa kutoka kinuni. Wapiga kengele wakatangulia, wameapa kwa Biblia kwamba kengele hawatazigusa, ndoa itakuwa ya kimya kimya. Akafuata mzee Dowsett, ambaye anaogopa kupanda juu. Tukamfunga macho kwa shali yangu, Ambrose akamvuta mikono, nami nikawa nampangia miguu huku namwimbia zaburi. Kisha Barbary. Kaka, nilimsihi apande pole pole, nikaishika sketi yake kwa mikono miwili nikawa nasali kila kipandio. Akaniponyoka akapanda kama paka. Nilitaka nizimie. Wakaingia wakwe, wakaingia majirani, akaingia na mpiga filimbi. Mimi nikawa wa mwisho.

Mwili wetu wa ukoo wa Fordham unaujua. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Kifua kikapita baada ya majadiliano. Nyonga zikakataa katakata. Ambrose anavuta kwa ndani, na kwa nje akatokea yule mchukuzi wa mishumaa yako, ambaye alikuwa anapita tu na safari zake, akapanda ngazi na kusukuma kwa moyo wote bila hata kuuliza kisa. Sikwenda mbele, sikurudi nyuma. Nusu yangu ilikuwa harusini na nusu makaburini. Nikaona muda unakwenda, nikamwambia mzee Dowsett afungue kitabu aanze, mimi nasikia vizuri hapa hapa nilipo.

Akaanza. Jasper kachakaa, vumbi kichwani, manyoya ya kunguru kwenye nywele, kalala mnarani siku zote hizo, lakini akajibu kwa sauti ya mwanaume, ndiyo, anamtaka. Mzee Dowsett akamgeukia Barbary. Na hapo hapo mtoto mmoja wa jirani, tuliyekuwa tumempandisha mnarani achungulie barabara, akateremsha kichwa kwenye tundu la mnara akasema wanakuja watu wachache, farasi wamelowa, koti la kijani.

Tusipopiga, ni kosa la pili, na safari hii tungepigiwa lakiri sisi sote humo humo. Tukipiga, Bwana Stukeley atasikia na kuja, na Barbary bado hajajibu. Watu wakamtazama Ambrose. Ambrose akanitazama mimi pale dirishani.

"Pigeni!" nikasema. "Na wewe, kasisi, usisimame."

Wakazirukia kamba. Ambrose akashika yake, watatu wakashika zao, kamba ya kengele kubwa ikabaki inaning'inia peke yake, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mbele ya kasisi.

"Jasper!" Ambrose akaita. "Kamba!"

Kaka Lambert, sikia hili. Niliiona ile kamba. Niliyaona macho ya Jasper yakienda kwenye kamba, na mabega yakageuka kidogo, kama ya Giles yalivyokuwa yakigeuka na kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Nikasema moyoni, haya, amekwenda. Halafu akayarudisha macho yake kwa Barbary. Mkono wake hakuuachia. Ambrose akaita mara ya pili, kwa tusi, Jasper akajifanya kiziwi. Zikalia kengele nne, na mahali pa kengele kubwa pakawa na pengo, na katika pengo lile nikamsikia binti yangu akisema ndiyo, anamtaka. Nikaanza kulia. Kulia ukiwa umekwama dirishani si jambo dogo, maana mikono ya kufutia machozi huna.

Ndipo nikasikia upande wa makaburini mtu anakohoa kikohozi cha serikali. Mchukuzi alishakimbia, kumbe. Nikawa najua fika Bwana Stukeley anatazama nini, na kwamba anakitazama kwa muda.

"Mama Huckle," akasema, "unaingia au unatoka?"

"Naingia, bwana. Tangu saa tatu naingia."

Akafikiri. Nikamsikia anafungua waraka wake, karatasi inachakarika. Kisha akasema, kwa uchungu kweli, kwamba kama ninaingia hana amri nayo. Akabaki amesimama pale na kipande cha pai mkononi, namsikia anatafuna, kengele zinalia juu ya vichwa vyetu kutoka kwenye kanisa ambalo lakiri zake zote ni nzima.

Akaja mpanda farasi mmoja wa Mfalme mbio kutoka barabarani. Alifoka akitaka kujua ni nani aliyelifungia kanisa la watu wanaopiga kengele kwa moyo namna hii, mlango una nta kama nyumba ya wenye tauni, na Mfalme anapita na wageni wake. Bwana Stukeley akaanza habari ya mkubwa wake na barua ya mkubwa wake. Yule mpanda farasi akamjibu neno moja ambalo siwezi kuliandika kwa kuwa barua hii wifi anaweza kuisoma. Basi Bwana Stukeley akazunguka mpaka mlango mkubwa, akatoa kisu, akaivunja lakiri yake kwa mkono wake. Waliokuwa karibu wanasema alifumba macho.

Mlango ukafunguka wakati mzee Dowsett anawatangaza mume na mke, saa sita bado. Watu wakatoka wote, filimbi mbele, matawi ya rozmari juu. Bwana Stukeley alikuwa amesimama kizingitini na orodha yake ya kijana mmoja, anawatazama wanavyopita, bibi harusi, wakwe, kasisi, mtoto wa mtu kalala begani. Mimi nilivutwa kwa ndani na watu sita, kama amri inavyotaka, nikabakiza dirishani kipande cha sketi, na bado kipo, wazee wa kanisa wanakijadili.

Tukaenda kilabuni. Bia ikanywewa, na Bwana Stukeley alikunywa pia, nikampa mwenyewe, la kuvunda halina ubani. Ngoma ikaanza. Namtazama Barbary: anaruka. Si kucheza kwa adabu, kaka, kuruka, visigino vinagonga miti ya dari. Nikamwekea kiti, akakiruka. Nikamletea mto, akampa mama mkwe wake. Nikashindwa kuvumilia, nikamkamata mkono nikamwingiza chumba cha mapipa nikafunga mlango, nikamwambia kama hajihurumii yeye amhurumie aliye tumboni, ngazi peke yake ilinitoa roho.

Akanitazama.

"Mama," akasema, "hakuna mtoto."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nikauinua upawa wa kuchotea bia, na yeye hakurudi nyuma. Akapiga magoti akaniomba radhi. Akaniambia amekosa, na kwamba Jasper aliposikia uongo huo alikasirika wakagombana, na ni yeye Jasper aliyemtaka aniambie leo hii, jua lisichwe. Kisha akaniuliza, bado kapiga magoti:

"Bila mtoto, ungenikubalia Jasper?"

Nilifungua kinywa niseme ndiyo. Haikutoka. Yeye analijua jibu na mimi nalijua. Ningemkatalia mpaka nazeeka, kwa kosa la mwanaume mwingine aliyekwisha kuzikwa. Na wiki moja nyuma ningesema ningekuwa na haki. Lakini nilishaiona ile kamba inaning'inia bila mtu. Nikaushusha upawa, nikamwinua, nikamchapa kofi moja la mgongoni ili isiwe bure kabisa, na tukacheka mpaka tukashikilia mapipa. Nikamrudisha kwa mumewe. Alikuwa amekaa nje ya mlango huo huo, kainama, anangoja hukumu. Nikamwambia aingie akale.

Sasa kaka, hili linalobaki sijamwambia mtu, na wewe nakuambia kwa sababu tulinyonya ziwa moja. Wageni walipoondoka niliingia chumbani nikalia kilio cha msiba. Tangu Krismasi nilikuwa na mtu. Nilikuwa nikikanda unga namsemesha. Nilimweleza habari za babu yake, nzuri tu, zile mbaya nikaziruka. Nilimpa jina, na jina lenyewe lilikuwa lako. Hasira za Barbary zilipita mapema, nikabaki namngoja mjukuu, na kila nilipoiogopa ile aibu ya shuka jeupe nilikuwa namwambia usijali, bibi yako yupo. Kumbe nilikuwa nasema na unga. Nimlilie nani, na kwa haki gani? Hakufa. Hakuwepo. Lakini nakuapia, Lambert, nimefiwa.

Nilikuwa nimemfumia kofia ya sufu, ndogo, inaenea kwenye ngumi. Jana niliitoa niifumue, sufu isiharibike bure. Nimeshaipata ncha ya uzi, Barbary akaingia kuja kuazima chungu. Akaiona. Hakuwa anajua. Akaitwaa mkononi mwangu taratibu, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya nguo.

"Usiifumue, mama," akasema. "Nipe muda tu."

Basi ndiyo habari yenyewe, na rungu unaweza kulirudisha nyuma ya mlango. Jasper anawasalimu sana na anauliza kama mna kazi ya nguvu wakati wa Pasaka, atakuja na Barbary kukutazama mguu. Mzee Dowsett anakusalimu, ingawa bado anasikia kizunguzungu. Mnibusie watoto, na mwili muulinde na baridi. Na najua ulimwambia wifi habari ya mimba, ingawa nilikukataza. Kama ameshaanza kushona nguo za mtoto, mwambie asiache. Apunguze mwendo tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Grisell Huckle